Kaa Wanenao kwa Rangi

Wakazi wengi wa kisiwa cha Mvita, hata wale waliozaliwa na kukulia katika vichochoro vya Mji wa Kale na ambao maji ya chumvi hayakupata kuwa mbali na milango yao, humjua kaa kwa rangi mbili tu: ya kwanza ni ule ukijani uliochanganyika na hudhurungi anaokuwa nao kaa koko akiwa yu hai, magando yamefungwa kwa kamba, naye amelala kikapuni akingoja mnunuzi, na ya pili ni ule wekundu unaodhihiri baada ya kutiwa chunguni, wakati mpishi amekwisha kurejea kutoka Marikiti na bizari yake, pilipili zake na ndimu zake, na mchuzi umeanza kunukia. Baina ya rangi hizo mbili pana habari ndefu, wala si habari ya jikoni peke yake. Kwani rangi kwa kaa, kwa kamba na kwa jamaa zao wote wavaao gamba ni kauli, nayo hutumika kuposa, kutisha, kujitambulisha kwa jirani na kumwita mgeni mwenye haja, ilhali sisi tunaoishi ukingoni mwa matope yao tumezoea kuyapita mazungumzo hayo bila ya kugeuza shingo.

Na tuanze na ule wekundu wa chunguni, maana kila mtu anaujua na ni wachache walioulizia asili yake. Wekundu huo haukuumbwa na moto. Ulikuwamo ndani ya gamba tangu siku kaa alipokuwa akitembea matopeni, ila ulikuwa umefichwa. Na kinachoufanya ni dutu iitwayo astaksanthini, iliyo katika ukoo mmoja na ile inayoipa karoti rangi yake, ambayo kaa hana uwezo wa kuitengeneza mwenyewe kutokana na si kitu, bali asili yake ni vijimea vya majini, na humfikia yeye kwa njia ya chakula. Dutu hiyo ikiwa peke yake ni nyekundu. Lakini katika gamba hushikwa na protini, ikakazwa na kupindwa ndani yake, na kwa kule kupindwa nuru inayorudi machoni mwetu hugeuka, ikawa ya buluu, ya kijani au ya hudhurungi. Mwaka 1948 George Wald na wenzake huko Marekani waliipa jina la krustasianini ile protini ya buluu waliyoitoa katika gamba la kamba mkubwa wa bahari ya Atlantiki, naye Wald huyo ndiye aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa uchunguzi wake juu ya jicho. Na mwaka 2002 wataalamu wa Uingereza waliweza kulionyesha umbo la sehemu ya protini hiyo, ikabainika vipi inavyoibana ile dutu. Moto ukija, protini huharibika na kuachia, na wekundu uliokuwa kifungoni ukatoka. Kwa hiyo rangi anayoifurahia mlaji ni rangi ya kaa aliyekwisha kunyamaza.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu lina maana kubwa katika hayo yanayofuata. Maadamu rangi hiyo hutokana na chakula, mwenye kuivaa kwa wingi ametoa ushahidi ambao si rahisi kuughushi, kwamba amekula vyema na mwili wake una akiba. Katika mikoko ya Singapore wako kaa wadogo wenye utepe wa rangi usoni, chini ya macho, ambao wataalamu wa huko waliutafiti na kukuta ndani yake rangi za ukoo huo huo wa karoti. Mikoko yetu nayo ina jamaa zao, wale kaa wenye magando mekundu waonekanao wakiyavuta majani ya mkoko na mkandaa kuyaingiza mashimoni mwao, na ambao mwenye kwenda kukata boriti hukanyaga baina yao asiulize kwa nini magando hayo yawe mekundu, hali mwili wote uliobakia umefanana na tope.

Lakini wasemaji wakubwa kupita wote wako nje ya kivuli cha miti, katika uwanda wa tope unaofunuka maji yanapokupwa. Hawa ni wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja dogo la kulia chakula na jingine kubwa lisilokuwa na kadiri, ambalo laweza kufikia karibu nusu ya uzito wa mwili wake wote, nalo halimfai katika kula hata chembe. Kazi yake ni kupigana na kupunga. Mtu wa Mvita hahitaji safari ndefu kuwaona, kwani wako katika hori ya Tudor, upande wa Mikindani, na wako kwa maelfu kule Gazi, yapata kilomita 50 kusini mwa kisiwa, na katika hori ya Mida karibu na Watamu. Wala si aina moja. Yuko mwenye gando la waridi iliyofifia hadi kuwa nyeupe, ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa ni yule yule wa Bara Hindi na visiwa vya mashariki, hata mwaka 2016 wa kwetu akatambuliwa kuwa ni aina ya peke yake na kuitwa Austruca occidentalis, yaani wa magharibi. Yuko mwingine mwenye miguu na magando mekundu, aitwaye Paraleptuca chlorophthalmus. Yuko mwenye gando la manjano na nyeupe, na yuko Cranuca inversa, ambaye jina lake la kwanza ni heshima kwa bibi Jocelyn Crane, mwanachuoni wa Marekani aliyewafuata kaa hawa katika pwani za dunia na kuandika juu yao kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1975.

Aina hizi zote zaweza kuwa katika pwani moja, mashimo yao yamepakana, na madume wote wanapunga kwa wakati mmoja. Jike anayepita hapo akitafuta mume hana budi kumtambua wa jinsi yake, tena upesi, kwa sababu kila hatua aliyo nje ya shimo ni fursa kwa ndege. Atatambuaje? Kupunga kwenyewe kuna mtindo wake, kila aina na wake. Lakini je, rangi nayo inamwambia kitu, au ni pambo tu lisilosomwa na yeyote? Suali hili lilijibiwa katika pwani ya Darwin, kaskazini mwa Australia, ambako mtafiti Tanja Detto aliwajaribu majike wa aina moja ambayo magando ya madume wake ni ya manjano. Aliwawekea magando yaliyopakwa rangi, mengine ya manjano na mengine ya kijivu, akabadili na kiasi cha mng'ao wake ili asije jike akawa anafuata tu kile kinachong'aa zaidi. Na majike wakayaendea ya manjano hata pale ya kijivu yalipokuwa yanang'aa kuliko hayo. Majibu haya yalitoka mwaka 2007, na hoja yake haina mlango wa kutokea: jike huyo anaona rangi kama rangi, na kwa hiyo rangi anachagua. Miaka miwili baadaye Detto na mwenzake Patricia Backwell wakaonyesha kwamba majike hao hutazama hata ile nuru ya urujuanimno, ambayo jicho la mwanadamu halina habari nayo, ilhali madume wanapogombana wao kwa wao hawaijali.

Jaribio lao jingine, la mwaka 2006, ndilo lililonistaajabisha mimi kupita yote. Katika aina nyingine ya pwani hiyo hiyo ya Australia, majike wana mapambo mgongoni ya nyeupe, nyeusi na buluu, na hakuna wawili walio sawasawa. Dume anayekaa karibu na jike hupata kumjua, akamwacha apite kwa amani kama jirani apasavyo kuachwa. Lakini watafiti walipoyafunika mapambo ya jike kwa rangi, dume yule yule aliyekuwa naye siku zote alimchukulia kuwa ni mgeni. Yaani alikuwa akimtambua kwa sura. Kiumbe ambaye mwili wake wote hauzidi upana wa vidole viwili, na ambaye tumezoea kumwona kuwa ni chambo cha ndoano na si zaidi, ana jirani anayemjua kwa pambo la mgongo wake, na pambo likifutwa, ujirani nao umefutika. Waliokulia karibu na Mtaa wa Biashara, hatua chache kutoka Marikiti, mahali ambapo leso huchaguliwa kwa pambo lake na jina lake na huvaliwa kwa makusudi ili fulani alione, hawatashindwa kulifahamu jambo hili.

Rangi hizi tena si za kudumu. Mwaka 1944 bibi Crane aliandika juu ya mageuko ya rangi ya kaa hawa waliokuwa huru katika makazi yao, na alieleza namna ambavyo madume wa aina fulani, wakati wa kuposa unapopamba moto na jua limewaka sana, huanza kung'aa: hudhurungi ya mgongo huondoka, weupe ukatanda, hata yule aliyetoka shimoni akiwa na rangi ya tope huonekana baada ya muda kuwa mweupe katika jua. Akishikwa au akitishwa hurudia utusitusi wake. Ufundi wa jambo hili umo ndani ya ngozi iliyo chini ya gamba, ambamo mna seli zenye matawi mengi, na ndani ya seli hizo mna chembe za rangi, nyeusi, nyekundu, manjano au nyeupe. Chembe zikitawanyika hadi ncha za matawi, rangi huenea mwilini. Zikikusanyika katikati ya seli, rangi hutoweka. Amri ya kutawanyika au kukusanyika huchukuliwa na damu, kwa njia ya homoni, na ghala kubwa la homoni hizo liko mahali ambapo mtu hangedhania, nalo ni ndani ya vile vijiti viwili vinavyoyabeba macho. Kaa wa jamii hii akiondolewa vijiti hivyo, hufifia; kamba wa aina nyingi akiondolewa vyake, huzidi kukolea.

Katika mwaka ule ule wa 1948, ambao Wald alikuwa akishughulika na gamba la kamba, Frank Brown na wenzake walikuwa wakiwaweka kaa hawa katika giza tupu huko Woods Hole, Marekani, na kuwaona wanakolea rangi wakati ambao nje ni mchana, na kufifia wakati ambao nje ni usiku, siku baada ya siku, bila ya jua lolote la kuwaongoza. Baadaye ikaonekana kwamba ndani ya mpango huo wa mchana na usiku mlikuwa na mpango mwingine, unaochelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Mvuvi wa Mombasa hatahitaji kuelezwa dakika hizo zatoka wapi. Ndizo anazozihesabu yeye tangu utoto wake, maji yanapochelewa leo kupita jana. Kaa aliye gizani, katika chombo kisichofikiwa na mawimbi, alikuwa amechukua kupwa na kujaa ndani ya ngozi yake.

Waama, kusema kuna gharama yake, na rangi inayosomwa na jike husomwa pia na ndege. Huko Australia, Jan Hemmi na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao juu ya kaa wa aina moja wanaokaa katika makundi mbalimbali: penye ndege wengi kaa walikuwa na rangi ya tope, na penye ndege wachache walikuwa na buluu na weupe wa kuonekana mbali. Walipowapitishia sanamu za ndege juu ya vichwa vyao, baada ya siku chache tu kaa wale wenye mapambo wakaanza kupoteza umaridadi wao. Hapa mtu aweza kupima thamani ya kauli hii. Kwa maana kama rangi zingekuwa hazina faida kwa mwenyewe, kaa wote wangebakia na rangi ya tope daima, na wasingezivaa tena pale hatari inapopungua.

Tukitoka matopeni tukaenda kwenye miamba, kama vile iliyomo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986, tutawakuta wasemaji wa namna nyingine. Yuko mnyama afananaye na kamba, akunjaye mikono yake mbele ya kifua na kuifyatua kwa nguvu za kuvunja gamba la konokono. Mmoja wao, Odontodactylus scyllarus, ambaye huonekana kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, amevikwa kijani, buluu na nyekundu kwa wingi ambao mtu hutilia shaka macho yake mwenyewe. Wanyama hawa hugombania mashimo ya miambani, na kwa kuwa pigo lao laweza kuua, wamejaaliwa njia ya kutiana hofu kabla ya kupigana: hufunua mikono yote miwili na kuonyesha doa lililo upande wa ndani, ambalo rangi yake hutofautiana aina kwa aina. Katika utafiti uliotoka mwaka 2016 ilidhihirika kwamba kwa aina moja ya Karibiani, doa hilo hurudisha na nuru ya urujuanimno, na nuru hiyo ikizuiwa, mambo ya ugomvi hubadilika. Macho yao yana vipokeo vya rangi vya namna 12, nasi wanadamu tuna vitatu. Lakini mwaka 2014 Hanne Thoen na wenzake walionyesha kwamba katika kupambanua rangi mbili zilizokaribiana, mnyama huyu yu nyuma yetu sana. Inaelekea hana haja ya kulinganisha. Huisoma rangi kwa upesi na kutenda, jambo linalomfaa mwenye jirani wa namna hiyo.

Na wako kamba wasafishaji, kama Lysmata amboinensis mwenye mgongo mwekundu uliopasuliwa na mstari mweupe, ambao husimama mlangoni pa pango wakitikisa pembe zao nyeupe na kuiyumbisha miili, hata mkunga au chewa, ambaye angeweza kuwameza kwa pumzi moja, huja akatulia na kufungua kinywa ili atolewe vijidudu. Eleanor Caves na wenzake walipoyapima macho ya kamba hao, mwaka 2016, walikuta kwamba hawana uwezo wa kupambanua rangi, wala uoni wao hautoshi kuyaona mapambo ya wenzao kwa uwazi. Basi wekundu ule na weupe ule haukuelekezwa kwa kamba mwingine. Umeelekezwa kwa samaki. Sijui mfano mwingine unaopendeza zaidi wa vazi ambalo mwenyewe hakujaaliwa kuliona.

Nirejee kwa wekundu. Katika ghuba za mashariki ya Marekani yuko kaa wa buluu ambaye jike wake, akisha kupevuka, huwa na ncha nyekundu katika magando. Mwaka 2009 watafiti wawili, Jamie Baldwin na Sönke Johnsen, waliwaonyesha madume picha za majike wenye magando ya rangi tofauti, na madume wakawapendelea wenye nyekundu. Ni wekundu wa ukoo ule ule tunaouona ndani ya sufuria. Huku ni dalili ya kwamba protini imekufa, na kule ni habari ya kwamba bibi yuko tayari kuolewa.

Yaliyo kwetu yana mzigo wake. Hori ya Tudor imepokea kwa miaka mingi maji machafu ya mji usiokuwa na mabomba ya kutosha, na mikoko yake imekatwa kwa kuni na boriti hata sehemu nyingine zimebaki wazi. Stefano Cannicci wa Florence, pamoja na wataalamu wengine wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake hapa Mombasa, waliulinganisha mkoko wa Mikindani unaopokea uchafu huo na mikoko iliyo mbali na mji, na katika maandishi yao ya mwaka 2009 walieleza kuwa kaa walikuwa wengi zaidi penye uchafu, ilhali konokono walikuwa wamepungua. Mwaka huo huo yakatoka majibu ya jaribio lililofanywa Dar es Salaam, ambako kaa wa gando kubwa waliwekwa katika viwanja vidogo vilivyotiwa maji ya majumbani: kwa kuwa chakula kilikuwa kingi topeni, walishiba upesi, na saa zilizobaki wakazitumia kuposa na kulinda mipaka yao. Mtu aweza kulichukua jambo hili kuwa ni heri. Mimi naona ni sababu ya kuwa na hadhari, kwa maana wingi wa wapungao hautuambii hali ya pwani inayowabeba, na konokono waliotoweka walikuwa na kazi yao ambayo kaa hawawezi kuishika.

Atakaye kuwaona na aende wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali na jua likiwa juu, achague mahali pa tope lenye mchanga ukingoni mwa mikoko, kisha aketi chini. Kuketi ni sharti. Macho ya kaa hawa yamesimama wima juu ya vijiti vyake, na kila kipitacho juu ya mstari wa upeo wa macho hukihesabu kuwa ni adui, bali kilicho chini ya mstari huo hukihesabu kuwa ni mwenzao. Wataingia mashimoni wote kwa pamoja mara afikapo, na baada ya dakika kumi au kumi na tano wataanza kutoka, wadogo kwanza. Asiwatazame wote kwa mpigo. Amteue dume mmoja, ashike alama ya shimo lake, na aitazame rangi ya mgongo wake anapotoka na rangi ya mgongo huo huo nusu saa baadaye, wakati majike wamekwisha kuanza kupita.